Windows 7, nywila imesahaulika: kufuta nywila, kupiga Windows upya au kutoa mafaili kwanza?

Mleta uzi:
Habari wakuu. Mama yangu, mwalimu mstaafu, ana Dell ya zamani yenye Windows 7, RAM GB 2. Aliweka nywila mwaka jana wajukuu walipoanza kuichezea, sasa imemtoka kabisa. Ndani kuna picha za marehemu baba ambazo hazipo kwingine. Fundi wa mtaani anasema dawa ni kupiga Windows upya. Wengine wanasema nywila inafutika bila kugusa kitu. Nishike lipi?

Fundi wa Kitaa:
Pole mkuu. Huyo fundi asiiguse kwanza. Toa picha, mengine baadaye. Tafuta fleshi ya GB 8, iwekee Linux Mint Xfce (mfumo endeshi mwingine, mbadala wa Windows) kwa kutumia programu ya Rufus. Chomeka, washa mashine huku unagonga F12, chagua fleshi. Itawaka bila kusakinisha chochote. Fungua diski, ingia Users, halafu folda yenye jina la mama. Nywila ya Windows 7 inalinda mlango wa kuingilia tu, mafaili yenyewe hayajafungwa. Nakili kwenye diski ya nje.

Kaka wa Stationery:
Mnazunguka sana. Chntpw, programu ya kufuta nywila za Windows, inamaliza kazi dakika kumi. Inaingia kwenye faili la SAM, ambamo Windows hutunza nywila, na kuifuta. Wengi wanakwama mwishoni: inauliza kama ihifadhi mabadiliko, na jibu lililowekwa tayari ni hapana. Ukigonga Enter tu umefanya kazi bure. Andika y.

Dada Mtandao:
Kaka, hapo umeruka jambo. Kama kuna mafaili yaliyosimbwa kwa EFS, yaani Windows yenyewe imeyafunga kwa ufunguo (majina yake huonekana ya kijani), ukifuta nywila kwa nguvu hayafunguki tena. Nywila zilizohifadhiwa ndani ya Chrome nazo zinapotea, maana ufunguo wake unatokana na nywila ileile. Ndiyo maana mimi naafiki kunakili kwanza, ingawa picha za kawaida chntpw haizigusi.

Mzee wa Diski:
Kupiga Windows upya nako kuna namna mbili. Ukifomati, picha zimekwenda. Usipofomati, mafaili ya zamani yanahamishiwa folda ya Windows.old. Lakini kwa picha za marehemu mimi nisingethubutu, kidole kikikosea mara moja basi.

Msomaji:
Na kwenye Windows 8 kuendelea inakuwaje?

Dada Mtandao:
Kama anaingia kwa akaunti ya Microsoft, anabadilisha nywila mtandaoni kwa simu, kisha anaunganisha kompyuta na intaneti. Windows 7 ya mama huyu haina njia hiyo.

Mleta uzi:
Nimerudi wakuu. F12 ilikubali mara ya tatu, nilikuwa nachelewa kugonga. Mint ilijivuta lakini iliwaka. Mama alikaa pembeni yangu, folda ya picha ilipofunguka akanishika mkono nisishuke haraka: baba amesimama na baiskeli yake mbele ya nyumba ya zamani, kabla haijaezekwa upya. Nimenakili zote kwenye diski ya nje na fleshi nyingine. Leo usiku nafanya chntpw, na y nitaandika.

Fundi wa Kitaa:
Safi. Ukiingia weka nywila mpya, mama aiandike kwenye daftari lake. Halafu mashine hiyo usiiache mtandaoni, Windows 7 iliacha kupewa masasisho ya usalama Januari 2020.