Naomba ushauri: picha za soko la samaki Bagamoyo, kaskazi hadi kusi

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Tangu msimu wa upepo wa kaskazi napiga picha kwa simu pale soko la samaki Bagamoyo, sehemu ileile. Sasa msimu wa upepo wa kusi umeshika na nataka nimalize mwaka nione pwani yetu inavyobadilika. Shida ni asubuhi: jua linatokea baharini, nyuma ya mashua, na nyuso za wavuvi zinakuwa nyeusi. Nikiongeza mwanga, anga lote linakuwa jeupe. Jioni nimejaribu, mwanga ni laini, lakini pilikapilika ninazozitaka ni za asubuhi. Halafu jua la Juni huchomoza kaskazini zaidi kuliko la Desemba, vivuli havifanani.

Je, nibaki palepale au nihame kidogo kulifuata jua? Na nyuso nizipateje bila kupoteza anga? Natanguliza shukrani.