Kompyuta ya kwanza ya gemu: fedha iliyobaki niielekeze wapi?

Swali: Wakuu, ninakusudia kuunda mwenyewe kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo, hapa Dar es Salaam. Prosesa ya Ryzen 5 5600 ninayo tayari. Je, sasa nitangulize kifaa kipi?

Jibu la 1: Mkuu, tanguliza kadi ya michoro, kwa sababu ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa gemu, na prosesa hiyo haina sehemu ya michoro ndani yake, hivyo bila kadi skrini itabaki nyeusi. Radeon RX 6600 yenye GB 8 inatosha kwa skrini ya 1080p (pikseli 1920 kwa 1080). Ubao mama (ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote) uwe wa soketi ya AM4, yaani tundu linaloingia prosesa yako, na RAM (kumbukumbu ya muda) uchukue vijiti viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, kwani viwili hupitisha data sambamba.

Jibu la 2: Naongezea: usibanie pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Yangu ya kwanza, ya bei ya kutupa, iliungua siku umeme uliporudi ghafla, ikaondoka na ubao mama. Harufu yake ilikaa chumbani siku mbili.

Muuliza swali: Ahsanteni. Vipi kadi ya mtumba?

Jibu la 1: Nunua, ila uijaribu palepale dukani kwa gemu nzito walau nusu saa, huku ukitazama kama feni zote zinazunguka.