Skana ya mkono ama kidude cha SDR? Nataka kusikiliza ndege

MsikilizajiMpya: Wasee habari zenu, nataka kitu cha kusikiliza marubani wakiongea na mnara wa uwanja wa ndege. Nimebaki na mbili, skana ya mkono Uniden BC125AT ama kile kidude cha RTL-SDR (redio inayoendeshwa na programu) cha kuchomeka kwa laptop. Nichukue gani? Nanunua wikendi hii.

Fundi_Antena: Boss unaishi wapi? Bajeti ni ngapi? Laptop unayo? Hujasema kitu.

MamaWilson: Skana. Unawasha inaongea, hakuna kungoja laptop. Mimi Jumamosi nakaa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson na kijana wangu, unasikia rubani anataja "faivu yanki" (5Y, alama ya ndege za Kenya) na herufi zake, halafu ndege yenyewe, Caravan, hiyo inatokea inashuka, mtoto anapiga makofi.

Juma_SouthB: Chochote utakachochukua usiuziwe walkie-talkie. Mwaka jana muuzaji mmoja hapo Luthuli aliniapia hii inashika ndege, nikatoa 4,500, nikapanda nayo juu ya ploti usiku nikazungusha namba zote, nikasikia walinzi tu wakiulizana nani ameenda na funguo za geti la nyuma. Wiki mbili hivyo. Nikadhani ni betri nikanunua ingine. Kumbe ile inashika FM peke yake na ndege zinaongea kwa AM, 118 mpaka 137 MHz, na yangu ilikuwa inaanzia 136. Kurudisha akakataa, eti mali ikitoka dukani imetoka. Iliniuma sana. Uliza kama ina AM ya ndege na akuwashie usikie ukiwa hapo hapo.

Fundi_Antena: Pole Juma. Mimi ni SDR tu, inashika 24 hadi 1766 MHz, ukichoka na sauti unahamia 1090 MHz, ndege zinakotuma mahali zilipo, unaona ndege kwa ramani. Antena ni waya wa sentimita 59 hivi. Ila stesheni za FM za hapa mjini zina nguvu zinaifunika, tafuta filta ya kuzizuia.

MamaWilson: Na hiyo laptop ataifungulia wapi, barabarani?

MsikilizajiMpya: Samahani, niko Kasarani floor ya nne. Bajeti 8,000. Laptop ni ya ofisi.

MamaWilson: 8,000 kwa Uniden ni ngumu, yangu ilinitoka zaidi na ilikuwa mtumba.

Mzee_Mawimbi: Kijana, VHF, haya masafa ya ndege, inakwenda moja kwa moja, haipindi. Ndege ikiwa futi 30,000 utamsikia rubani hata akiwa kilomita 200, lakini mnara wa uwanja wa JKIA uko chini na magorofa yako katikati, kwa hiyo utasikia anayejibu bila kusikia aliyeuliza. Na usinunue ya kutuma mawimbi bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Juma_SouthB: Mzee, kwani kusikiliza tu pia ni makosa?

Mzee_Mawimbi: Nenda uwaulize wenyewe. Nachosema ni kuwa usibonyeze kuongea kwenye masafa ya ndege, kuna watu huko juu.

Fundi_Antena: Kasarani floor ya nne, waya ukiutoa dirishani unatosha kabisa. Hiyo laptop ya ofisi wanakubali uweke programu?

MsikilizajiMpya: Nitauliza Jumatatu. Mama, Jumamosi mnakaaga saa ngapi? Nataka kwanza nisikie hiyo yako.

MamaWilson: Saa tatu asubuhi tuko hapo. Kuja na kofia, jua ni kali.