Acheni kuicheka Cumberland kwa zile 222–0

Nimechoshwa, ndugu zangu, na kila anayeibuka na matokeo ya 222–0, kipigo ambacho Cumberland walikipata kwa Georgia Tech, timu ya chuo cha Atlanta, mwaka 1916, kana kwamba ameokota kichekesho kipya, kisha akatangaza kwamba Cumberland ndiyo timu mbovu kuliko zote zilizowahi kucheza futiboli ya Kimarekani. Timu ipi? Chuo hicho kidogo cha Lebanon, Tennessee, kilikuwa kimekwisha kuifuta timu yake kabla ya msimu wa 1916 kuanza. Waliopanda treni kwenda Atlanta walikuwa wanafunzi tu, waliokusanywa na mwenzao George Allen kwa sababu Georgia Tech walikataa kuvunja mkataba wa mechi hiyo: msipokuja mtalipa dola 3,000, mkija tutawapa 500.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba John Heisman, kocha wa Georgia Tech, alijua fika anakutana na nani. Miezi michache kabla, timu yake ya besiboli ilikuwa imechapwa 22–0 na Cumberland, ambayo ilishukiwa kuchezesha mamluki, na inasemekana kinyongo hicho hakikumtoka. Kama mamluki walikuwapo, ilikuwa hila, nami siitetei. Lakini deni la besiboli linadaiwaje kwa vijana waliokuja kuinusuru shule yao isilipe faini?

Oktoba 7, robo ya kwanza iliisha 63–0, na kufikia mapumziko ilikuwa 126–0. Kilichokubaliwa ni kufupisha dakika za kipindi cha pili, basi. Kipigo kikaendelea vilevile. Georgia Tech hawakurusha pasi hata moja. Walikimbia tu na mpira, wakavuka mstari wa mwisho mara 32. Kuna kisa kinachosimuliwa kwa mbwembwe, cha mchezaji wa Cumberland aliyeudondosha mpira akamwambia mwenzake auokote, naye akajibiwa auokote mwenyewe aliyeudondosha. Wenzangu mnaangua kicheko hapo. Mimi namwona kijana aliyekwisha kuangushwa na kulaliwa na miili mizito mara asizoweza kuzihesabu, asiyetaka tena kuugusa ule mpira.

Na msimu wa 1903 mbona hamuutaji? Chuo hichohicho kiliifunga timu ya chuo cha Vanderbilt 6–0, kikavichapa vyuo vya Alabama 44–0, LSU (chuo cha Louisiana) 41–0 na Tulane 28–0, hizi tatu za mwisho ndani ya siku chache tu, kisha kikatoka sare ya 11–11 na Clemson. Kocha wa Clemson siku hiyo alikuwa nani? Heisman huyohuyo! Alikuwa amewaona Cumberland wakiwa timu kweli, akashindwa kuwafunga. Akangoja mpaka hawana timu.

Leo tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vya Marekani inaitwa kwa jina lake, tangu 1936, na walioonewa ndio wanaobaki kuwa mzaha. Anayetaka kuendelea kucheka aje kwanza anieleze zile pointi 96 za baada ya mapumziko zilikuwa za kazi gani.