"Kilwa ni Kilwa"?! Wakuu, kuna mtu amefuta miji ya watu leo alfajiri

Gati_la_Masoko (mleta mada)

Wakuu, salamu baadaye. Naandika mikono inatetemeka, chai imeota utando mezani.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja, kila aliyewahi kugusa ramani za kusini anamjua, yule wa "nasafisha nakala". Leo alfajiri kwenye Wikidata, ile hifadhidata ya mtandaoni inayokipa kila kitu ukurasa na namba yake, amechukua Kilwa Kisiwani, Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko, akazitwanga kwenye kinu kimoja, ikatoka Kilwa moja. Nikamwandikia kistaarabu, salamu juu, ndugu yangu hizi ni sehemu tatu. Akanijibu kwa maneno matatu: "Kilwa ni Kilwa."

Kilwa ni Kilwa! Tena akaweka na nukta mwishoni, kama hakimu anayesoma hukumu.

Kisiwani ni kisiwa, jina lenyewe linasema. Ndiko uliko Msikiti Mkuu, ndiko iliko Husuni Kubwa, jumba la kale la sultani, ndiko alikofika Ibn Battuta mwaka 1331. Magofu yake na yale ya Songo Mnara yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Masoko iko bara, makao makuu ya wilaya, ukisimama gatini unakiona kisiwa ng'ambo ya maji. Kivinje iko kaskazini huko, kilomita 20 na ushei, mji wa misafara ya karne ya 19 wenye boma la Wajerumani. Mtoto wa chekechea hapa Masoko ukimtuma Kivinje atakuuliza nauli iko wapi. Mtu mzima mwenye kompyuta anasema Kilwa ni Kilwa.

Sasa kuanzia leo Ibn Battuta ameteremkia stendi ya Masoko, ofisi za wilaya zimo ndani ya magofu, na Kivinje imezama baharini na watu wake wote na nyavu zao.

Ile pini ya Kivinje niliifuata mwenyewe kwa bodaboda, mvua inanyesha, daftari nimelifunga kwenye mfuko wa sukari. Nilisimama chini ya mwembe kusubiri simu ishike setilaiti. Bibi mmoja akanitolea kigoda, akawa ananitajia mitaa mmoja mmoja, nikikosea kuandika ananirudisha nyuma. Kurasa nne. Nilipofika nyumbani kila pini ya OpenStreetMap, ile ramani huria ya mtandaoni, nikaibandika namba yake ya Wikidata, ili huku na huku wajuane. Kamba hiyo hiyo ndiyo aliyoitumia kuvutia miji shimoni! Kule Wikidata kaunganisha namba. Huku kwenye ramani pini tatu zikaonekana zina namba moja. Akaja akafuta mbili, akaandika "nakala".

Bibi yule ni nakala ya nani?

Na nikiuliza, Kilwa ni Kilwa. Nukta.

Korosho_Ghafi
Nimewahi siti ya mbele. Mwenye karanga apitishe huku.

Bint_Mikindani
Pole sana kaka. Huyo mtu ni huyo huyo, mwaka jana aliimeza Mikindani yetu akasema ni mtaa wa Mtwara. Livingstone mwaka 1866 alianzia safari yake Mikindani wakati bandari ya Mtwara mnayoringia haijajengwa. Manispaa yenyewe inaitwa Mtwara-Mikindani, majina mawili yameandikwa pale getini kabisa. Alisoma la kwanza akachoka.

Shangani_Boy
@Bint_Mikindani ila Mikindani SI ni Mtwara lakini? Daladala dakika chache umefika.

Bint_Mikindani
Kwa hiyo jirani yako akiwa karibu mke wake ni wako?

Korosho_Ghafi
Uuuuwiii. Shangani_Boy nenda kanywe maji.

Fundi_Lebo
Mleta mada, hapo kuna kitu sielewi. Wikidata haikubali kuunganisha kurasa mbili kama kila moja ina makala yake kwenye Wikipedia ya lugha ile ile. Kilwa zote tatu zina makala za Kiswahili. Mfumo ulipaswa kumgomea. Au hii ni chai?

Gati_la_Masoko
@Fundi_Lebo si chai! ULIMGOMEA! Ndiyo maana damu inanichemka! Nimefungua historia ya ukurasa nikaona: saa kumi na dakika tano anajaribu, inagoma. Saa kumi na kumi anang'oa makala ya Kivinje. Saa kumi na kumi na mbili anang'oa ya Masoko. Ndipo anaunganisha. Mlango umefungwa, mtu kang'oa bawaba! Mfumo unamwambia hizi si kitu kimoja, bibi wa watu anamwambia kwa kurasa nne, mimi namwambia na salamu juu, yeye Kilwa ni Kilwa!

Fundi_Lebo
Basi huyo alikusudia. Rudisha haraka kabla roboti, zile programu zinazohariri zenyewe, hazijapita. Ukiunganisha, namba ya zamani inabaki kama kibao cha kuelekeza kwenye namba mpya, halafu baada ya muda roboti zinapita kwenye kurasa nyingine zote zilizoitaja namba ya zamani na kuandika mpya. Zikishapita, kurudisha ni kuokota mchele kwenye mchanga. Ukimaliza weka kauli ya "tofauti na" kwenye zote tatu, kila moja iwataje wenzake. Mwingine akija na kinu chake ataonywa.

Mtama_Mweupe
Punguza povu mleta mada. Kwani ramani inaliwa?

Gati_la_Masoko
@Mtama_Mweupe inaliwa. Leo saa nne dereva kasimama hapa gatini na gari la mizigo, ana paneli za sola za mteja wa Kivinje. Programu yake inavuta lokesheni kwenye ile namba, namba ina lokesheni tatu, ikachukua ya kwanza, ya Kisiwani. Kijana ananiuliza, mzee, daraja liko wapi? DARAJA! La kwenda kisiwani! Mafuta ya kurudi Kivinje nani analipa, wewe au yule wa nukta?

Mtama_Mweupe
Umeitwa mzee kumbe, ndiyo kinachokuuma.

Korosho_Ghafi
😂😂😂

Pweza_Mkavu
Ninyi mnalilia Kilwa, sisi wa visiwani tulilia nani akatusikia? Jamaa huyo huyo alikuta Songo Songo na Songo Mnara akaona "Songo" mara mbili, akaunganisha. Songo Songo ni ya gesi, iligunduliwa 1974, iko mkabala wa Kivinje. Songo Mnara ni ya magofu, iko kusini ya Kisiwani. Kwa muda wa wiki nzima visima vya gesi vilikuwa urithi wa dunia. Shemeji yangu wa Songo Songo alipigiwa simu na mgeni anayetaka kutembezwa ikulu ya kale.

Mto_Hauna_Kiraka
Mimi langu ni kinyume. Huyo mtu anaunganisha visivyoungana, na vinavyopaswa kuungana haviangalii. Mto Ruvuma. Upande wetu Ruvuma, upande wa Msumbiji wanaandika Rovuma. Kwenye hifadhidata fulani ni mito MIWILI, inatiririka bega kwa bega kama ndugu waliogombana. Mto ni mmoja! Unaanzia huko Songea unamwagika kwetu Mtwara, nimevuka kwa mtumbwi sikuona wa pili. Jina la Kireno ni lebo tu, unaliweka kama jina lingine la kitu hicho hicho. Nimeomba iunganishwe mara tatu. Kimya. Wa kuunganisha yuko bize na Kilwa.

Fundi_Lebo
@Mto_Hauna_Kiraka hilo ni la haki. Ila angalia wasije wakauunganisha na Mkoa wa Ruvuma.

Mto_Hauna_Kiraka
Usimpe mawazo.

Shangani_Boy
Mnalaumu mtu wa kompyuta bure. Makondakta ndio walioanza. Unakata tiketi Dar imeandikwa KILWA, unasinzia na moyo mweupe, saa nane usiku unatikiswa bega, "Kilwa, Kilwa, shuka." Unashuka. Nangurukuru, njia panda ya barabara kuu! Giza, mbwa wawili na mama muuza mayai.

Bint_Mikindani
Hapo nakuunga mkono Shangani_Boy ingawa ulinikosea. Ilinipata na mtoto mgongoni.

Pweza_Mkavu
Na ukimuuliza konda anakwambia umefika. Nililala juu ya gunia la ufuta la mtu mpaka alfajiri.

Korosho_Ghafi
Yule mama mayai yake ni ya jana siku zote. Nani mwingine ameona hilo?

Mtama_Mweupe
Usimguse mama yule, ananikopesha.

Gati_la_Masoko
Wakuu, tumetoka kwenye mada. Masoko nimeirudisha, makala yake nimeibandika, pini imerudi mahali pake. Kivinje imegoma, roboti moja imeshapita, nafuata kurasa moja moja. Na kwenye majadiliano ameandika tena sasa hivi. Nimwandikie nini? Maana ameandika kile kile, na nukta ile ile!

Pweza_Mkavu
Mayai ya jana ila chumvi yake na pilipili hujuti.

Shangani_Boy
Pilipili ile ni ya kitambo pia.

Mgeni_wa_Kusini
Habari zenu wakuu, mimi mgeni humu. Nashuka Nangurukuru ijumaa usiku. Bodaboda mpaka Kilwa wanachukua shilingi ngapi?

Gati_la_Masoko
Kilwa ipi?