Santuri za zamani: niende Kenyatta Market, niagize mtandaoni, au nibebe rundo la mitumba?

KijanaWaSakina
Wakuu habari za jioni. Mwezi uliopita nimefufua mashine ya santuri ya marehemu baba. Ilikaa stoo zaidi ya miaka ishirini, mkanda umelegea na sindano imeisha. Fundi wa hapa Arusha amebadilisha vyote viwili na sasa inazunguka vizuri kabisa. Kasheshe ni santuri zenyewe. Za baba nyingi ziliazimwa na hazikurudi. Zimebaki saba, na mbili kati ya hizo zimepinda hadi sindano inapanda na kushuka kama mtumbwi.

Ninachotafuta ni dansi la zamani: Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajabu, Simba Wanyika, NUTA Jazz. Msikilizaji mkuu ni mama, ana miaka 74, na siku mashine ilipowaka alikaa nayo mpaka usiku.

Nina njia tatu. Ya kwanza ni kupanda basi nipitie Namanga hadi Nairobi, kwenye lile duka la santuri la Kenyatta Market. Ya pili ni kuagiza mtandaoni. Ya tatu, kuna jamaa wa mitumba hapa mjini ana rundo la santuri kama sitini, anataka kuliuza lote kwa mkupuo, hataki mtu achague. Bajeti ni laki mbili na nusu za Tanzania, nauli ikiwemo.

Mtandaoni nimeshajaribu mara moja. Muuzaji mmoja wa Ulaya aliandika daraja la VG+ (yaani hali yake ni nzuri sana), nikalipa, nikasubiri wiki sita. Ilipofika, upande wa kwanza wote unakaanga kama vitumbua. Nimeogopa. Naomba ushauri wa wenye uzoefu.

FundiAmplifaya
Beba rundo. Santuri sitini, hata kama arobaini ni mbovu, umebaki na ishirini. Hesabu iko wazi.

Sindano45
Karibu sana ndugu yangu, na mpe mama salamu zangu. Mimi niko Nairobi na nimenunua santuri kwa zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo nivumilie nikiandika kwa kirefu.

Kwanza ujue kwa nini nyimbo unazozitaka utazipata huku. Tanzania bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini kiwanda cha kuchapa santuri hakikuwepo huko. Santuri zilichapwa Nairobi. Hata kina Kinyonga wa Simba Wanyika walitoka Tanga, wakapiga na Arusha Jazz hapo hapo kwenu, halafu mwaka 1971 wakahamia Kenya kufuata studio. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Namanga ukafungwa, hadi 1983, santuri zilizokuwa huku zikabaki huku. Baadaye zikaja kaseti za kudurufu mitaani, kampuni zikaona hakuna faida tena. Zilizobaki ziko majumbani mwa watu na kwa wauzaji wachache wenye mapenzi.

Kenyatta Market duka namba 570 ni la James Rugami, yuko kwenye kazi hiyo tangu 1989. Ukiingia sokoni utapita kwenye moshi wa nyama choma na kina dada wanaosuka nywele, usikate tamaa, endelea kuulizia. Ndani ni santuri kutoka sakafuni hadi juu. Jambo kubwa kwangu si wingi wake. Pale kuna mashine, unachezewa santuri kabla hujatoa hela. Ulivyoumia na ile ya Ulaya, hicho ndicho unachokitafuta. Pia ukimwambia unataka nini anakuuliza maswali: unataka ya Mbaraka akiwa Morogoro Jazz au ya Super Volcano? Mtu wa hivyo atakutolea kitu ambacho hukujua kuwa kipo.

Ukifika duka lolote, fanya hivi. Itoe santuri kwenye kava, shika kwa kingo, isogeze kwenye mwanga wa dirisha huku ukiiinamisha taratibu. Mikwaruzo myembamba kama nywele isikutishe. Ukiona mkwaruzo, pitisha ukucha juu yake polepole. Ukucha ukikwama, utausikia kwenye spika. Ukipita laini, mara nyingi hausikiki. Kisha tazama lebo karibu na tundu la katikati. Utaona vijistari vya rangi ya fedha vimezunguka tundu, hivyo ni alama za watu waliokuwa wakipapasa kuiweka kwenye mashine. Vikiwa vingi kama nyuzi za buibui, santuri hiyo imechezwa sana, tena pengine kwenye baa, na huenda mifereji inamopita sindano imelika hata kama uso unang'aa. Lebo safi na uso wenye vumbi ni bora kuliko uso unaong'aa na lebo iliyochakaa.

Halafu sikiliza upande wa pili pia. Usiridhike na wa kwanza. Hizi ndogo za 45, yaani za mizunguko 45 kwa dakika, upande mmoja hauchukui zaidi ya dakika nne au tano, na dansi letu halikutoshea hapo. Wakaukata wimbo vipande viwili: sehemu ya kwanza maneno, sehemu ya pili magitaa yanachanganya na watu wanaingia uwanjani. Kwa hiyo upande wa pili ndio uliochezwa zaidi na ndio ulioumia zaidi. Nimenunua nyingi zenye upande A wa kupendeza, nikageuza nikakuta majivu.

KijanaWaSakina
Mkuu nimesoma mara mbili. Nimeangalia zile saba za baba, tano zina hivyo vijistari hadi maandishi yamefutika. Sikujua vilitokana na nini. Kumbe ni mkono wake.

FundiAmplifaya
Sindano45 anasema kweli lakini ameruka bei. Duka lenye mtu anayejua kuchagua pia linajua thamani. Watalii na wakusanyaji kutoka Ulaya na Japani wanazitafuta hizi 45 kwa udi na uvumba, kwa hiyo bei ya duka nayo imepanda. Kijana ana laki mbili na nusu. Akitoa nauli ya kwenda na kurudi na chakula, atarudi na ngapi?

Sindano45
Fundi, nakubali atarudi na chache. Lakini atarudi nazo amezisikia. Mama hatasikiliza idadi.

Na bei inazungumzika. Ukinunua tano au sita pamoja unapunguziwa, hasa muuzaji akiona unanunua ili usikilize nyumbani. Mwambie habari ya mama. Ni kweli, na wenye maduka haya wanapenda kujua santuri zao zinakwenda wapi.

Mswahili_Peckham
Salaam kutoka London. Nitete kidogo upande wa mtandaoni, maana umelaumiwa kwa kosa la muuzaji mmoja.

Tovuti ya Discogs ilianza mwaka 2000 kama orodha tu ya santuri, biashara ikaja baadaye. Hadi leo faida yake kubwa ni ile orodha. Kabla hujasafiri, tafuta bendi unayoitaka, utaona picha za lebo, namba ya santuri, na bei ambazo nakala zake zimewahi kuuzwa. Andika namba hizo kwenye karatasi uende nazo dukani. Kuna herufi na namba pia zimechorwa kwenye ile sehemu laini karibu na lebo, ambako hakuna muziki. Hizo ndizo zinazotofautisha chapa moja na nyingine. Lebo hudanganya, lakini yale maandishi ni ya kiwandani.

Ukiagiza, usiamini daraja peke yake. VG+ ya mtu mmoja ni VG ya mwingine, na wengi hutoa daraja kwa kutazama tu, hawaichezi kabisa. Mwandikie muuzaji: umeisikiliza? Pande zote mbili? Asiyejibu, achana naye. Kisha piga hesabu ya posta. LP moja, ile santuri kubwa ya nyimbo nyingi, yenyewe ni kama gramu 140, matoleo mapya mengi ni gramu 180, ukiongeza boksi gumu inakuwa kifurushi kabisa, na forodha nao wanakungoja. Mara nyingi usafiri unaizidi santuri. Inalipa tu ukiagiza kadhaa kwa muuzaji mmoja.

Kuna njia ya nne hukuitaja: matoleo mapya. Kwa mfano kampuni ya Soundway ya hapa Uingereza ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za Kenya za miaka ya 1970 na 1980 mwaka 2013, na wa pili 2016, kwa santuri. Sauti imesafishwa, kuna kijitabu chenye historia, hakuna kukaanga. Kwa mama wa miaka 74 anayetaka kusikia muziki bila kelele, fikiria hilo.

Mimi binafsi bado nanunua madukani. Honest Jon's wapo tangu 1974, Rough Trade tangu 1976, na Jumamosi ile ya Aprili ya Record Store Day, sikukuu ya maduka ya santuri iliyoanza 2008, watu hupanga foleni kabla ya jua kuchomoza. Nimewahi kupanga. Lakini nimesimama pale nikijua kwamba santuri ya Kiswahili ninayoitaka ilichapwa Nairobi, na kuna mtu Nairobi anaweza kuishika mkononi kwa nauli ya daladala.

BintiNgambo
Assalaam alaykum. Kaka wa Sakina, kwenye hilo rundo la mitumba, umeziona zenyewe? Kuna za 78, yaani za kale za mizunguko 78 kwa dakika, ndani yake? Zile nzito, nene, ukiigonga kidogo inalia kama kigae.

KijanaWaSakina
Waalaykumu ssalaam dada. Nimeona juu juu tu. Nyingi ni kwaya na za Kizungu. Chini kuna nzito kama tano hivi, moja ina picha ya mbwa na gramafoni.

BintiNgambo
Basi nisikilize vizuri. Hiyo ya mbwa ni His Master's Voice. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, ni kampuni hiyo. Sisemi kuwa ni yake, huenda ni ya Kihindi au ya Kizungu, lakini isome lebo kabla haijaenda kwa mtu mwingine.

Usiiweke kwenye mashine ya baba kwa sindano hiyo uliyonayo. Mifereji ya 78 ni mipana, sindano ya LP inazama chini na kukwangua. Inahitaji sindano yake na mashine yenye kasi ya 78. Na usiioshe kwa spiriti hata tone moja, 78 nyingi ni za shelaki, na spiriti inaiyeyusha. Bibi yangu alipoteza mbili kwa kupanguswa na mtu mwenye nia njema. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Kuvunjika ni mara moja tu, ukiibeba weka katikati ya khanga.

FundiAmplifaya
Hapo kwa LP na 45 niongeze, maana hizo ni plastiki na zinavumilia kuoshwa. Maji yaliyochemshwa na kutoneshwa, yale ya betri safi yasiyo na asidi, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, futa kwa kufuata mzunguko, usikate mifereji. Lebo isilowe. Kausha kwa kuisimamisha wima kivulini. Santuri inayokaanga kwa uchafu au ukungu inapona. Inayokaanga kwa kulika haiponi, hata uioshe kwa zamzam.

Na baada ya kusikia habari za kwaya nabadilisha kauli. Usibebe rundo lote. Mwombe akuuzie zile nzito tu.

KijanaWaSakina
Wakuu, nimerudi na mrejesho. Samahani nimekawia wiki tatu.

Nilikwenda Nairobi Ijumaa, nikalala kwa binamu Lang'ata, Jumamosi asubuhi nikawa Kenyatta Market. Sindano45, ule moshi wa nyama nusura unigeuze njia. Nilikuwa na karatasi yenye namba kama alivyoshauri Mswahili_Peckham. Nilikaa saa tatu. Nilisikiliza santuri kumi na saba, nikanunua sita: tano za 45 na LP moja. Mbili nilizozipenda kwa macho nikaziacha, moja ilikwama ikawa inarudia neno lilelile, nyingine ukucha ulikwama. Moja yenye kava lililochanika vibaya, ambayo peke yangu nisingeigusa, ilipowekwa ilitoa besi safi kuliko zote. Nimeibeba hiyo.

Mmoja wa wateja, mzee wa makamo, aliposikia natokea Arusha alisimulia jinsi walivyokuwa wakivuka Namanga na santuri zimefungwa ndani ya blanketi zamani hizo. Tulisikiliza pamoja, hakununua kitu.

Jumapili usiku nilimwekea mama ya kwanza. Alikuwa anachambua mchele. Upande ulipoisha sindano ikawa inazunguka tupu, nikawa natafuta simu nirekodi. Akaniambia, "Mbona hugeuzi? Ndiyo kwanza inaanza." Baba alikuwa amemzoesha.

Jamaa wa mitumba amekubali kuniuzia zile nzito peke yake, elfu thelathini zote tano. Dada BintiNgambo, ile ya mbwa lebo yake ina maandishi ya Kiarabu juu na namba chini, jina limefutika nusu. Nikipiga picha kwenye mwanga wa jua, unaweza kunisomea?

BintiNgambo
Piga. Usiifute lebo kwanza, hata vumbi. Iinamishe kidogo, jua liwe ubavuni si juu, maandishi yaliyofutika huacha kivuli. Na upande wa pili pia.