Mtoto wa malezi ya kambo anaficha chakula na analipuka akitoka kumwona mama yake: tuanze na tiba au na mlezi?

Tumbuizo
Habari wanajamvi. Msichana wa miaka 7, yuko wiki ya 9 kwa mlezi wa kambo (mtu aliyepewa na ustawi wa jamii amlee kwa muda), na hii ni nyumba yake ya tatu. Wiki 4 za mwanzo alikuwa mpole kupita kiasi. Kisha mambo yakaja kwa mpigo: anaficha chakula chini ya godoro, anakojoa kitandani, na kila akitoka kumwona mama yake mzazi anapiga kelele na kuvunja vitu hata kwa saa nzima. Mlezi anataka apelekwe kwa mwanasaikolojia upesi na ziara za mama zisimamishwe. Je, tiba ya kiwewe (majeraha ya moyo yatokanayo na mambo mazito aliyopitia) ianze sasa? Na mlezi mwenyewe apewe nini? Anavyoongea, ni mtu aliyeishiwa.

Kitovu
Mkuu, mkojo kwanza, na kwa daktari wa kawaida. Maambukizi ya njia ya mkojo na choo kigumu husababisha kukojoa kitandani, na mtoto mwenye historia ngumu husingiziwa "saikolojia" huku tatizo liko tumboni. Wakati mnasubiri majibu, tandikeni kitanda mara mbili: nailoni, shuka, juu yake nailoni nyingine na shuka nyingine. Usiku mlezi anaondoa tabaka la juu tu, taa hafifu, bila maswali, dakika 3 mtoto amerudi kulala.

Chakula: kuficha ni akiba ya mtu aliyewahi kulala njaa bila kujua atakula lini tena. Kufunga jiko kwa kufuli au kupekua chumba kunamthibitishia kwamba alikuwa sahihi kuficha. Mpeni kopo lake lenye mfuniko, vitu vikavu visivyooza haraka, na lijazwe kila jioni mbele ya macho yake. Milo na vitafunio vije kila baada ya saa 2 na nusu hadi 3, kwa ratiba iliyochorwa ukutani. Chakula kisiwe zawadi wala adhabu, hata siku ya makosa makubwa. Godoro mnaligeuza pamoja naye mara moja kwa wiki, kilichooza kinatupwa, kizuri kinahamia kwenye kopo. Msitegemee matokeo ndani ya wiki 2, hesabuni miezi.

Na ule upole wa mwanzo usiwadanganye. Mtoto mgeni huisoma nyumba kwanza: nani hukasirika, kwa lipi, chakula hutoka lini. Akianza kuonyesha hofu yake waziwazi, mara nyingi ni dalili kwamba ameanza kuthubutu.

Mzani25
Naongeza kuhusu ziara. Msisimamishe kwa sababu ya kelele peke yake. Mtoto akiagana na mama yake lazima aumie, na akiona ziara zimekatwa mara tu baada ya yeye kulia, atahitimisha mawili: kulia kwake ndiko kumemwondoa mama, na mlezi ndiye aliyemchukua.

Andikeni daftari kwa wiki 3: saa ngapi lipuko limeanza, nini kilitangulia, lilidumu dakika ngapi, nini kililizima. Ziara iliyofutwa dakika za mwisho, au mama aliyeahidi "utarudi nyumbani wiki ijayo", huonekana humo. Akirudi kutoka kwa mama, saa 2 za kwanza ziwe bubu: maji, kitu cha kutafuna, kuruka au kutembea, hakuna wageni, hakuna "mama alisemaje?" Sentensi moja inatosha: "Unaruhusiwa kumpenda mama yako na kukaa hapa pia." Lakini kama daftari linaonyesha vitisho au hofu ya mwili kabla ya kwenda, hilo ni la afisa ustawi siku hiyohiyo, si la kusubiri wiki 3.

Tumbuizo
Asante. Na tiba? Alijaziwa dodoso la SDQ, lile la kupima hisia na tabia za mtoto, alama za matatizo ziko chini, ofisi ya ustawi inasema hana tatizo.

Kitovu
Dodoso hilo lina maswali 25, na 5 ya wema kwa wengine hayaingii kwenye jumla ya matatizo. Ni kichujio tu. Halishiki vizuri kiwewe wala shida za kushikamana na mlezi, na mtoto anayejipendekeza kwa woga hupata alama nzuri. Kama lilijazwa wiki zile za upole, lijazwe upya, na mwalimu ajaze lake.

Tiba ya kiwewe yenye ushahidi mzuri kwa umri huu kwa kawaida huchukua vikao 12 hadi 16, na mlezi ana sehemu yake humo. Ndiyo maana ikianza huku mlezi anahesabu siku za kumrudisha, inakwama. Isitoshe, saa moja ya tiba kwa wiki inabakiza saa 167 mikononi mwa mlezi.

Shubaka
Kwa hiyo nitaanza na mlezi, na hapo natofautiana kidogo na wanaomwambia "jitahidi kuwa mvumilivu". Mtoto anayemkataa mlezi kila siku huua ile furaha ya kulea. Mlezi anapika, anafua, lakini moyo umezima. Ni ulinzi wa mwili, na kumsema kunauzidisha. Muulizeni waziwazi: "Mara ya mwisho kumfurahia ilikuwa lini?" Akishindwa kujibu, kikao chake mwenyewe na mshauri kiwe kila wiki 2, pasipo mtoto, na kisiwe na mtu anayeamua kama abaki na leseni ya kulea, maana hapo hatasema kweli.

Mlezi apate mapumziko pia, mtoto akikaa kwa mtu mwingine kwa muda mfupi. Yawe kwenye kalenda mapema, nyumba ileile na mtu yuleyule kila mara, na mtoto aende na kopo lake la chakula. Kosa linaloharibu kila kitu ni kumpeleka siku alipovunja vitu. Kwa mtoto aliyepita nyumba tatu, begi likifungwa baada ya ugomvi, hiyo ni nyumba ya nne.

Tumbuizo
Daktari kesho. Kopo na daftari leo jioni. Kikao cha mlezi naomba wiki hii, na tiba tutaijadili wiki ya 13 baada ya dodoso jipya, mradi ofisi ithibitishe kwa maandishi kwamba hahamishwi.